Hakuna Aliyemgusa

Siku ya kuniaga, mwezi uliopita, mlinipa kipaza sauti mkaniomba niwaachie vijana wa idara maneno mawili matatu kuhusu kazi. Nikaitazama pilau inavyopoa, nikazitazama nyuso zenu, nikasema asanteni sana, nikakaa. Mlipiga makofi kwa furaha ambayo hamkujisumbua kuificha. Sasa nina muda, maana mstaafu asubuhi hana anachokikimbilia zaidi ya kuku wake, kwa hiyo nawaandikia. Vyeo na mishahara sivigusi. Hayo mnayajadili vya kutosha wakati wa chai. Nitaandika juu ya magoti, kwa kuwa mjini hapa nimeitwa Mama Magoti mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwa jina langu.

Nilikuja Bariadi nikitokea Songea, msichana mwenye cheti kipya cha fiziotherapia, enzi hizo huku kote kukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Idara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya wodi ya wanaume: kitanda cha mbao kilicholia ukikigusa, baiskeli ya mazoezi yenye pedali moja, mifuko ya mchanga iliyoshonwa kwa magunia ya pamba, na utepe wa fundi cherehani wa kupimia mapaja. Nilikuwa nimefundishwa kwa mashine ambazo huku zilikuwa hazijafika, na nyingine hadi nastaafu bado zipo njiani. Siku ya kwanza nilikaa kwenye benchi nikajiuliza nitamtibu nani, na kwa kitu gani. Nilitamani kulia, na nadhani nililia kidogo.

Aliyenipokea ni Mzee Mwakalinga, mtu wa Tukuyu, mrefu, mkimya, aliyeoa huku na kuzeekea huku. Aliyaona macho yangu mekundu akasema, "Mwanangu, mashine ya kwanza ni salamu." Nilidhani ananifariji, kumbe alikuwa anafundisha. Salamu za Kisukuma ni ndefu. Mtu anaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, na mzee alihakikisha anazianza mgonjwa akiwa bado mbali, kule kwenye kona ya jengo. "Mwangaluka!" anaita, huku macho yake yako kwenye miguu. Mgonjwa anapofika kitandani, mzee amekwishajua anavyokanyaga, anavyogeuka, na upande gani anauogopa. Mtu anayejua kwamba anapimwa hutembea kwa adabu. Anayejibu salamu hutembea kama alivyo.

Alinifundisha pia kuuliza kabla ya kushika. Mguu ulikuwa chini au hewani? Ulisikia mlio? Lilivimba lini? Maswali hayo mpaka leo ndiyo bora ninayoyajua. Goti linashikwa na ligamenti, zile kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa: mbili za pembeni, ndani na nje, na mbili za katikati zilizopishana msalaba, moja ya mbele na moja ya nyuma. Aliyegongwa na ng'ombe ubavuni mwa goti, mtafute ya pembeni. Aliyeanguka na pikipiki akagonga muundi, pale chini kidogo ya goti, mtafute ya msalaba ya nyuma. Na yule ambaye mguu ulikita chini, mwili ukageuka, akasikia "paa!" kule ndani, na kabla ya jioni goti likajaa kama tikiti, huyo amejaa damu, na mara nyingi ile ya mbele imekatika. Goti lililovimba kesho yake, taratibu, lina habari nyingine.

Sasa mikono. Anza na goti zima, siku zote. Mgonjwa atakuambia, "Siyo hilo, dada." Mwambie unajua, kisha endelea, kwa sababu kila mtu ameumbwa na ulegevu wake na hilo zima ndilo litakalokuambia wake ni kiasi gani. Likunje kidogo tu. Mkono mmoja ushike paja, mwingine uvute muundi kuja mbele. Goti zima linakuja kidogo kisha linagota. Lililokatika linakuja tu, halina mwisho. Vitabuni kipimo hicho kina jina la daktari wa ng'ambo. Sisi tulikiita kuvuta, na goti halikulalamika. Mikono yangu ni midogo, na mapaja ya watu wanaolima kwa ng'ombe si ya mchezo, kwa hiyo nilipandisha goti langu kitandani nikalaza paja la mgonjwa juu yake. Mkiona aibu kufanya hivyo, viringisheni khanga muiweke chini ya paja.

Kabla ya kuvuta, mkunje mgonjwa magoti yote mawili, nyayo zikae kitandani, uiname utazame kwa pembeni. Muundi ukiwa umezama kwa nyuma, iliyokatika ni ligamenti ya nyuma. Usipoliona hilo utavuta, mfupa utarudi mahali pake pa kawaida, nawe utashangilia kwamba umeipata ya mbele. Papasa na misuli ya nyuma ya paja. Ikiwa imekaza kwa maumivu, kipimo chako ni bure. Mpe magongo, mpe barafu ikipatikana, arudi baada ya wiki moja hivi uvimbe ukiwa umepungua. Asiyeweza kukanyaga kabisa, au anayeruka ukimbonyeza kwenye mfupa, apigwe picha kwanza. Na goti lililoumizwa vibaya sana, kabla ya hayo yote tafuta mapigo ya damu juu ya unyayo. Hilo la mwisho mkilisahau nitajua, hata nikiwa na kuku wangu.

Ugomvi wangu mkubwa ulikuwa na hiyo picha. Mtu anatoka nayo mkononi, hakuna kilichovunjika, anaambiwa yuko salama. Anarudi nyuma ya plau, goti linamtoka kwenye tuta, anakwenda kukandwa kwa samli ya moto, anarudi tena kwenye plau. Picha inaonyesha mfupa, kamba haionyeshi. Mwalimu mmoja wa Maswa aliniletea rundo la picha, zote safi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, au ni mimi tu najisikia vibaya?" Nilipovuta, goti lake lilikuja lote mikononi. Nikamwambia amekatika kamba ya mbele, na kwamba goti lenye hali hiyo lazima limwangushe. Yule baba mtu mzima alilia, maana nyumbani walishamwita mvivu hadi naye akaanza kukubali. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba kumpa mtu jina la ugonjwa wake ni nusu ya kumtibu, hata kama dawa huna.

Mzee Mwakalinga alistaafu, akarudi Tukuyu na mkewe, akaniachia utepe wake. Mimi nikabaki na chumba, mpaka mlipoanza kuletwa nyinyi mmoja mmoja. Katika magoti yote yaliyopita pale, lipo moja ninaloliwaza mpaka leo, goti la Jilala. Nawaambia mapema msije mkahangaika: lilitulia kwa mazoezi ya paja, hakupasuliwa, analima, na kwenye ngoma siku hizi anapiga, hachezi. Habari yenyewe ni ya bibi yake.

Jilala alitoka kijiji kimoja upande wa Meatu ambacho sitakitaja. Alikuja kiangazi, pamba imekwisha kuuzwa, msimu wa ngoma umeshika kasi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mabega mapana, anaruka kwa mguu mmoja akijishikiza kwa fimbo ya kuchungia. "Mwadila!" nikamsalimu kutoka mbali, akajibu vizuri. Nyuma yake alikuja bibi mfupi aliyejifunga kitenge kilichopauka kwa kufuliwa. Jambo moja likanikaa. Kijana aliyumba kwenye ngazi za korido, na bibi hakumpa bega. Alinyoosha mkono, akaurudisha haraka, akaufunga ndani ya kitenge. Walipofika akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi la nje, mbali naye. Nikajisemea, hawa wamegombana njiani.

"Imekuwaje?" nikamuuliza Jilala ndani.

"Baiskeli, mayu. Niliteleza nikagonga goti kwenye jiwe," akajibu, akiniita mama kwa Kisukuma.

"Lilivimba lini?"

"Siku hiyohiyo. Jua halijazama."

"Mlio ulisikia?"

Akasita. "Sikusikia."

Ilikuwa imepita zaidi ya wiki, uvimbe umeshuka. Ngozi ya goti ilikuwa safi, haina mchubuko wala kovu bichi, na mawe ya huku nayafahamu, hayamgongi mtu yakamwacha hivyo. Nikakunja magoti yote mawili nikatazama kwa pembeni, miundi iko sawa. Nikavuta la kulia, likagota. Nikavuta la kushoto, likaja, likazidi kuja. Nikarudia, kwa sababu hadithi ya baiskeli na jiwe ilikuwa inanivutia kwenye ligamenti ya nyuma, na goti lilikuwa linasema ya mbele.

"Jilala, mimi si polisi," nikamwambia. "Lakini baiskeli yako na goti lako havipatani. Mguu huu ulikita chini, wewe ukageuka. Ulikuwa wapi?"

Akautazama mlango, akahakikisha bibi yuko mbali. "Kwenye ngoma," akasema.

Mliokulia huku mnajua mashindano hayo. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wanahamia kule kunakonoga. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Jilala alikuwa mchezaji wa mbele wa manju mmoja, yaani kiongozi wa ngoma, anaitwa Luhende, na siku ile watu wote walikuwa upande wao. Bibi yake, Mayu Kabula, aliyemlea tangu mama yake afariki, alisimama mbele kabisa. Akapiga vigelegele, akamwita mjukuu wake kwa jina. Jilala akakita mguu wa kushoto, akageukia ile sauti, paa! akaanguka chini. Watu wakahamia upande wa pili, na kundi likashindwa.

"Mbona umeniambia baiskeli?"

"Nikisema ngoma, utaniuliza nani alinigusa. Hakuna aliyenigusa, mayu. Na hilo ndilo neno wanalolishika kule nyumbani. Bibi aliniita, nikaanguka, hakuna aliyenigusa. Wameshaanza kumtaja. Nikataka hata hospitali iseme ni baiskeli."

Nyinyi mliokuja juzi kutoka vyuoni huenda mkasikia kutajwa mkadhani ni kusengenywa. Bibi akitajwa kwa uchawi, majirani wanaacha kuja kuomba moto kwake, na watoto wanaitwa ndani akipita. Kuna nyumba ambazo mambo hayakuishia hapo. Nimeyaona wodini yanayofuata baada ya kutajwa, na sitayaandika. Jilala akaniambia kwamba tangu aanguke bibi yake hajamgusa hata mara moja. Anapika, anaweka sahani mlangoni, anasimama mbali. Anaogopa watasema anamwongezea. Nikaukumbuka ule mkono uliorudi ndani ya kitenge, nikaona haya kwa kuwaza kwamba wamegombana.

Jambo la ajabu ni kwamba neno lile lililowatia hofu ndilo lililonipa mimi uhakika. Vijana, lishikeni hili. Ligamenti ya msalaba ya mbele mara nyingi hukatika bila mtu kumgusa mtu. Mguu unabaki, mwili unakwenda, kamba inalipa. Mgonjwa akiwaambia hakuna aliyemgusa, msimsute, sikilizeni vizuri zaidi. Nikamwomba Jilala ruhusa ya kwenda kusema hivyo kwa watu wake.

"Hapana, mayu," akasema. "Ukisema ni ngoma, utammaliza."

"Ngoma wameshaiona wote, Jilala. Baiskeli umenidanganya mimi peke yangu." Akacheka bila kutaka. Baadaye akakubali.

Gari la huduma ya mkoba lilikuwa linapita upande ule na watu wa chanjo, nikajibana nyuma kati ya masanduku ya baridi. Mwenyekiti wa kijiji, mtu wa mpira kuliko mtu wa vikao, alinikusanyia ndugu wa Jilala pamoja na Luhende kwenye kibaraza cha zahanati. Tukatandika godoro, Jilala akalala, magoti wazi. Mayu Kabula alikaa peke yake kwenye ukingo wa kibaraza, na nafasi pande zote mbili, ingawa wengine walikuwa wamesimama kwa kukosa pa kukaa.

Luhende alikuwa baba mnene mwenye sauti ya kuongoza watu. Hakungoja nimalize kujitambulisha. "Daktari, tuulize jambo moja tu. Nani alimgusa?"

"Mimi si daktari. Na hakuna aliyemgusa."

Kibaraza kizima kikapumua kwa pamoja. Mama mmoja akajifunga khanga upya. Nilimwona Mayu Kabula akiinamisha kichwa, nikajua natakiwa kusema haraka.

"Mwenyekiti," nikasema, "wewe mtu wa mpira. Umewahi kuona mchezaji anakimbia peke yake, anakata kona, anaanguka anashika goti, na refa hana wa kumpigia filimbi?"

"Nimemwona," mwenyekiti akajibu palepale. "Yule winga wetu wa kata. Uwanja wa shule, mchana kweupe, beki yuko mbali kule. Hakucheza tena."

"Yeye mlisema amefanywa na nani?"

"Hatukusema. Tulisema amejigeuza vibaya."

Nikamwita Luhende apige magoti karibu na godoro. Alikuja kwa kusitasita, akitazama mikono yake kama vile ataitoa pale ikiwa na kitu. Nikamwonyesha pa kushika, nikamwanzisha na goti zima. Akavuta.

"Unasikia nini?"

"Inakuja kidogo, inagota."

"Kama kamba ya ndama aliyefungwa, ukimvuta akafika mwisho wake?"

"Ee, hivyo hivyo."

"Haya, hili la pili."

Akavuta. Akavuta tena, polepole, uso umebadilika. "Gete, kweli," akasema kwa sauti ndogo ambayo nadhani watu wake hawakuizoea, "hii haigoti. Inakuja tu." Mwenyekiti naye akataka kushika, kisha mjomba mmoja. Jilala alivumilia mikono yote ile akiwa ameyafumba macho. Mimi nilikuwa nashangilia moyoni, na nilishangilia mapema mno.

Kwa maana Luhende alikaa kitako, akapangusa mikono, akasema, "Sawa. Kamba imekatika, tumeishika. Sasa nani aliyeikata?"

Nilimtazama Mayu Kabula kule ukingoni. Nilikasirika, nikasema kwa hasira ile, na sijutii.

"Uzito wake mwenyewe umeikata. Mguu ulibaki, mwili ukaenda. Ule mgeuko alioufanya, nani alimfundisha?"

"Mimi," Luhende akasema, kifua kikijaa kidogo. "Ni mgeuko wangu. Hakuna kundi lingine linao."

"Basi tukitafuta wa kumtaja, tunaanza na wewe. Umemfundisha mgeuko, umempeleka uwanjani, akageuka mgeuko wako akakatika goti. Bibi alimwita tu. Angelia mbuzi angegeuka vilevile."

Hakuna aliyecheka. Ndugu wa Jilala wakawa wanamtazama Luhende, na nilimwona akiyapokea yale macho, labda kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mimi si mchawi," akasema.

"Hata yeye si mchawi," nikamjibu.

Ndani ya zahanati mtoto wa chanjo alikuwa analia. Mwisho Luhende akainuka kwa shida, akatembea hadi ukingoni mwa kibaraza, akasimama mbele ya Mayu Kabula. Kisha akasema kwa heshima, kama mtoto anavyosema na mama yake, "Mayu, njoo nawe ushike."

Bibi alinitazama mimi kwanza. Nikampisha kwenye godoro. Alipiga magoti taratibu, akatoa mikono ndani ya kitenge, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno, "Nikishika, hataumia?"

"Hataumia, mayu. Shika."

Akaweka kiganja juu ya lile goti la kushoto, akakilaza. Hakuvuta wala hakujaribu chochote. Jilala akafumbua macho akamwona ni nani. Watu wote wakatazama, hakuna kilichotokea, na wakaendelea kutazama. Kipimo kilikuwa kimekwisha, dereva alikuwa anapiga honi, nami nilipaswa kumwambia bibi kwamba basi, inatosha. Sikumwambia.